Bumu, Giza la Dagaa na Mshahara wa Kwanza

Kanuni ya hamsini, thelathini, ishirini imefika Mwanza kwa njia ya simu. Kijana anaikuta kwenye video fupi: nusu ya kipato iende kwenye mahitaji, asilimia 30 kwenye mambo unayoyapenda, asilimia 20 ibaki akiba. Walioitangaza ni Elizabeth Warren, aliyekuwa akifundisha sheria Harvard kabla hajawa seneta wa Marekani, na binti yake Amelia Warren Tyagi, katika kitabu chao cha mwaka 2005. Waliziandikia familia za Kimarekani zenye mishahara ya kila mwezi, mikopo ya nyumba na kadi za benki. Sina ugomvi na hesabu zao. Ila ukiishusha kanuni hiyo Igoma, hapa Mwanza, saa kumi na mbili asubuhi, wakati makonda wanagombea abiria wa mjini na mama ntilie anaepua vitumbua, utakuta inajibu swali ambalo wengi wa waliopo pale hawajaulizwa na maisha yao.

Kanuni inaanza na mshahara wa mwezi. Igoma imejaa watu wasiopimiwa kwa mwezi. Dereva wa bodaboda anahesabu kwa siku, kwa kuwa hesabu ya bosi inadaiwa jioni. Kibarua wa kiwandani upande wa Nyakato analipwa kwa siku au kwa wiki, na kazi ikipungua anaambiwa arudi kesho. Mwalimu wa shule binafsi ana mshahara kwenye mkataba, lakini wazazi wakichelewesha ada hadi katikati ya muhula, na yeye anachelewa nao. Mwanafunzi wa chuo analipwa kwa vipande vya siku 60 hivi. Na yule dada anayefuata dagaa Mwaloni, kule Kirumba, aje kuwauza kwa kopo sokoni, kalenda yake iko angani.

Kwa hiyo, kwa maoni yangu, tatizo la pesa kwa kijana wa Igoma ni la tarehe kabla halijawa la kiasi. Pesa inaingia kwa mafungu yasiyolingana. Chakula, nauli na bando vinatoka kila siku. Kisha kuna yale makubwa machache, kama kodi ya chumba, ada na matibabu, ambayo huja kwa mkupuo, na mara nyingi huja siku ambayo fungu limeshaisha. Pengo kati ya siku ya kupata na siku ya kulipa lazima lizibwe na kitu. Asiyeliziba kwa pesa yake analiziba kwa ya mwenzake, na ya mwenzake ina riba.

Hili si jambo la Mwanza peke yake. Mwaka 2009 Daryl Collins, Jonathan Morduch, Stuart Rutherford na Orlanda Ruthven walichapisha matokeo ya daftari za fedha walizoandika pamoja na kaya maskini za Bangladesh, India na Afrika Kusini. Waliorodhesha kila shilingi iliyoingia na kutoka kwa muda wa karibu mwaka mzima. Walikuta kwamba udogo wa kipato ni sehemu tu ya taabu, maana kipato hicho pia hakitabiriki na vyombo vya kukitunza ni dhaifu. Na kaya hizo hazikuwa zikila zilichopata na kulala. Zilikuwa zinakopa, zinakopesha, zinaweka na kuwekesha wakati wote, pengine kwa njia kadhaa kwa mpigo. Miaka minane baadaye Morduch na Rachel Schneider walichapisha kazi ya namna hiyo kuhusu familia za Marekani, na huko nako wakakuta kipato kinachopanda na kushuka mwezi hadi mwezi. Yaani hata nchini kwa Warren kuna watu wasioenea kwenye kanuni ya Warren.

Wataalamu wa jambo hili sisi tunao karibu, na hawajaandika kitabu. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za sola. Taa huwavuta dagaa wakati wa giza. Mbalamwezi ikikomaa, mwanga wa taa unapotea ndani ya mwanga mkubwa zaidi, na mitumbwi mingi inapumzika hadi giza lirudi. Mwalo mzima, kuanzia mvuvi na mwanikaji hadi mpagazi na mchuuzi, una majuma ya pesa na majuma ya ukame, tena kwa tarehe ambazo kila mtu anazijua. Mchuuzi mzoefu, giza likimlipa vizuri, hutenga kwanza mtaji wa giza lijalo, kisha chakula cha siku za mbalamwezi, ndipo anaangalia kilichobaki. Mgeni wa biashara huona mauzo ya juma moja zuri, akadhani hayo ndiyo maisha yake, akapanga chumba kikubwa zaidi. Mbalamwezi inamkuta anakula mtaji.

Bumu, yaani fedha ya kujikimu ya mwanafunzi wa chuo, nalo lina giza na mbalamwezi yake, tofauti ni kwamba mwanafunzi haangalii angani. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi 2005. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 fedha ya chakula na malazi kwa aliyepangiwa kiwango kamili ni shilingi 10,000 kwa siku, kutoka 8,500. Huja kwa awamu. Awamu ya siku 60 ni 600,000, na kwa kijana wa miaka ishirini aliyetoka kijijini Magu au kisiwani Ukerewe, 600,000 kwa mara moja ni pesa ambayo pengine hajawahi kuishika.

Tufanye hesabu yake kwa kalamu. Chukua mwanafunzi aliyepanga chumba cha shilingi 40,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba, kama ilivyo desturi ya mji huu na karibu nchi nzima, anataka kodi ya miezi sita. Awamu ya kwanza inaingia, 240,000 inakwenda kwa mwenye nyumba, inabaki 360,000 kwa siku 60: shilingi 6,000 kwa siku. Anabana, analalamika, lakini anafika. Awamu ya pili inaingia, kodi haidaiwi, na ghafla ana 10,000 kwa siku. Anahisi ametajirika. Hapa ndipo simu mpya inaponunuliwa, na chipsi mayai na soda vinahama kutoka Jumamosi hadi kila jioni. Awamu ya tatu inaenda vivyo hivyo. Ya nne inamkuta mwenye nyumba mlangoni.

Hajapata utajiri wowote hapo. Amekula kodi yake. Kama bumu lake linalipa siku 240 kwa mwaka na chumba anakilipia miezi 12, maana mwenye nyumba hajui likizo ndefu, kodi ya mwaka ni 480,000. Gawanya kwa siku 240 zenye bumu: shilingi 2,000 ya kila siku ni ya mwenye nyumba, iwe mwezi huu anadai au hadai. Siku ya mwanafunzi huyo ina shilingi 8,000, siyo 10,000 wala 6,000, na hapo bado hajatoa nauli, sabuni, fotokopi na bando. Kila awamu ikiingia, 120,000 inapaswa kuondoka siku hiyohiyo kwenda mahali pa kodi, hata kama kodi imelipwa jana.

Na iondoke kwenda mbali. Vijana wengi huacha bumu zima kwenye simu ileile wanayonunulia vocha, halafu wanashangaa. Pesa iliyo karibu na kidole gumba haina ulinzi, na kila ukitoa kidogo kwa wakala unakatwa ada. Bandu bandu huisha gogo. Nashauri fungu la kodi likae kwenye akaunti ambayo haijaunganishwa na simu, au kwenye kikundi, au mahali ambapo ukiomba leo unapata baada ya siku kadhaa. Ucheleweshaji ambao watu wa benki wanauonea aibu, kwa mwanafunzi ni huduma. La chakula ligawe kwa wiki, ujilipe kila Jumatatu. Ukiishiwa Ijumaa utakula ugali na dagaa hadi Jumapili. Hilo si balaa. Balaa ni kuishiwa siku ya arobaini na kubaki na ishirini.

Nitaje hapa dogo moja linalosahaulika. Kodi ya majengo tangu 2021 inakatwa kwenye umeme, kwa LUKU, na tangu Julai 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Kwa sheria ni mzigo wa mwenye nyumba. Anayenunua umeme ni mpangaji. Si pesa nyingi, lakini mpangaji anayejua atalitaja wakati wa kupatana kodi, na asiyejua ataendelea kulipia jengo lisilo lake.

Sasa tuje kwenye pengo lenyewe, maana hapa ndipo pesa nyingi ya vijana inapopotelea. Siku ya arobaini imefika, bumu bado, mfukoni hakuna kitu. Mlango wa kwanza ni simu: mitandao yote mikubwa ina huduma ya kukuongezea salio lisilotosha au kukukopesha kwa siku chache, kwa ada. Mlango wa pili ni programu za mikopo zinazojitangaza mtandaoni. Wa tatu ni yule jamaa wa mtaani mwenye daftari, ambaye mkopo wake watu wameupa jina la kausha damu.

Mkopo wa aina hiyo kwa kawaida unasemwa hivi: chukua laki moja, lete laki na thelathini mwisho wa mwezi. Inasikika ndogo kwa sababu imetajwa kwa shilingi. Itaje kwa mwaka: ni asilimia 360. Benki Kuu, ikisimamia Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, imeweka kikomo cha asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani kampuni na watu binafsi wanaokopesha bila kupokea amana. Laki moja kwa mwezi ni riba ya shilingi 3,500, si 30,000. Hata hiyo halali ni asilimia 42 kwa mwaka, wakati mkopo wa kawaida wa benki huwa karibu asilimia 15. Mwanafunzi anayekopa laki kwa jamaa wa daftari kila mwezi kwa miezi minane analipa riba ya 240,000. Hizo ni siku 24 za bumu. Amefanya kazi ya kusoma mwaka mzima akiwa amempa mtu mwingine chakula cha siku 24.

Za mtandaoni zina ubaya wa ziada. Ukipakua programu unairuhusu isome majina yaliyomo kwenye simu yako. Ukichelewa siku moja, shangazi yako, mwalimu wako na mchumba wako wanapata meseji kwamba wewe ni tapeli. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zinazokopesha mtandaoni bila leseni. Orodha za namna hiyo hazimalizi tatizo, kwa kuwa programu hubadilisha jina na kurudi. Kinachofaa ni kuuliza leseni kabla ya kuuliza kiwango. Mkopeshaji anayekasirika ukimuuliza leseni ameshakujibu.

Simkatazi mtu kukopa. Dereva wa bodaboda anayechukua pikipiki kwa mkataba anakopa, na baada ya muda pikipiki inakuwa yake. Anayekopa mtaji wa dagaa wa giza moja anajua tarehe ambayo dagaa wale watakuwa pesa. Mkopo wenye tarehe ya kujilipa unavumilika. Mkopo wa kula, unaotegemea fungu ambalo tayari lina wadai wengine, ndio unaozaa mkopo mwingine. Na kwa wenye kikundi cha shughuli halisi, usisahau dirisha la halmashauri. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata. Foleni yake ina karatasi nyingi na vikao vya mtendaji wa kata visivyoanza kwa wakati. Riba yake ni sifuri. Kati ya usumbufu na asilimia 360, mimi nachagua usumbufu.

Kuhusu vikundi, wasomi wengi wa vyuo wanavidharau, wakidhani kikoba ni cha akina mama wa sokoni. Huo ni ushamba. Mchezo wa kupeana, ule wenye kijumbe anayekusanya elfu tano tano na kumpa mmoja, ni mashine ya kugeuza vipande vidogo kuwa fungu, yaani unafanya kinyume kabisa cha kazi ambayo mwenye bumu anahitaji. Kwa hiyo unamfaa mwenye kipato cha kila siku, dereva au muuza mboga, anayehitaji kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Mwenye bumu anahitaji kikoba cha hisa, anakoweka fungu linapoingia na kukopa kwa riba ndogo linapochelewa, riba ambayo mwisho wa mwaka inarudi kwake na kwa wenzake. Namna hii ya vikundi, ambayo shirika la CARE liliianzisha Niger mwaka 1991, imeenea Afrika nzima kwa sababu haihitaji jengo. Sanduku lenye kufuli tatu na watu wanaofahamiana vinatosha. Siku hizi hata sanduku limehamia kwenye simu.

Na Mwanza ina historia ya kujivunia hapa. Paul Bomani alifanya kazi katika ushirika wa wafanyabiashara wadogo Waafrika wa mji huu miaka ya 1940, akaendelea kuwaunganisha wakulima wa pamba hadi Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria lilipoundwa 1955, moja ya mashirika makubwa ya wakulima Afrika wakati huo. Baada ya uhuru akawa Waziri wa Fedha. Mtu aliyeshika hazina ya nchi alipitia kwanza ushirika wa wenye maduka wa Mwanza. Kijana anayeona aibu kuwa mweka hazina wa kikoba cha darasa hajui anakataa chuo gani.

Twende kwenye mshahara wa kwanza, kwa wale waliobahatika. Umeajiriwa kampuni binafsi kwa shilingi 800,000. Barua ya ajira umeipiga picha, umeituma nyumbani, na ukoo wote sasa unajua unapata laki nane. Wewe mwenyewe hujui unapata ngapi. NSSF inachukua asilimia 10, yaani 80,000. Kodi ya mapato inakokotolewa kwenye 720,000 zilizobaki: 270,000 za mwanzo hazina kodi, 250,000 zinazofuata zinatozwa asilimia 8, na kilichozidi 520,000 asilimia 20. Jumla 60,000. Kama ulisoma kwa mkopo, Bodi inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 120,000. Kinachofika ni 540,000. Ukipanga nyumba, ukiahidi ada za wadogo zako na kukubali kamati ya harusi kwa kipimo cha laki nane, una upungufu wa 260,000 kila mwezi kabla hujanunua hata sukari.

Makato ya Bodi yanawaudhi vijana kuliko yote, na wengine wanataka walimalize deni haraka wapumue. Ningewashauri watulie. Hadi 2021 deni hilo lilikuwa likiongezwa tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani, na wakati huo kuharakisha kulikuwa na maana. Tozo hiyo ilifutwa Julai mwaka huo. Deni sasa limesimama palepale huku bei za vitu zikipanda, katika miaka hii ya karibuni, kwa asilimia 3 hadi 4 kwa mwaka. Shilingi utakayoilipa 2032 itakuwa nyepesi kuliko ya leo. Acha asilimia 15 ikatwe kama sheria inavyosema, na pesa ya ziada uipeleke kwanza kwa jamaa wa daftari kama yupo, kisha kwenye akiba. Deni lisilo na riba ndilo la mwisho kulipwa mapema.

Suala gumu zaidi kwa mwenye mshahara wa kwanza halimo kwenye salari slipu. Ni simu za nyumbani. Washauri wa fedha wa mitandaoni wanasema jifunze kukataa. Huo ni ushauri wa mtu asiye na mjomba. Kijana aliyesomeshwa kwa ng'ombe waliouzwa na baba, kwa mchango wa shangazi na kwa kitanda alichopewa na binamu Igoma, ana deni ambalo halijaandikwa popote na kila mtu analijua. Tena michango ya misiba na harusi ni bima: aliyekuwapo kwenye misiba ya watu, wake hautakosa watu. Kosa ninaloliona ni kutoa bila fungu. Mwenye 540,000 atenge, tuseme, 60,000 kila mwezi kwa ajili ya ndugu, na iishie hapo. Mwezi wenye maombi machache, ibaki ikisubiri Januari na ada zake. Fungu likiisha, kuna namna ya kusema ambayo haivunji undugu: "Shikamoo mjomba. Mwezi huu mkono umeishia hapa, naomba uniwekee hilo hadi tarehe mbili." Mjomba hajakataliwa. Amepewa tarehe, na mjomba wa Kisukuma aliyelima pamba miaka yote akingoja msimu wa malipo anaelewa tarehe vizuri kuliko asilimia.

Baada ya hapo ndipo neno uwekezaji lina nafasi, na hata humo swali la kwanza ni lilelile: pesa hii utaihitaji lini? Ya ndani ya mwaka mmoja iende kwenye mfuko wa ukwasi wa UTT AMIS, taasisi ya umma iliyoanza na Mfuko wa Umoja 2005. Unaanza na 100,000 na ukiomba kutoa unasubiri siku chache za kazi. Pesa ya miaka mingi inaweza kwenda kwenye hatifungani za serikali, ambazo kuanzia shilingi milioni moja zinakulipa riba mara mbili kwa mwaka, nazo ni mafungu yenye tarehe, ya kupangia kodi au ada. Hisa ni za asiye na haraka kabisa. CRDB iliuza hisa zake kwa umma mwaka 2009 kwa shilingi 150 kila moja. Mwaka 2019 bei yake sokoni ilikuwa chini ya hapo. Mwisho wa 2024 ilikuwa imepita 600. Hisa ni ileile na benki ni ileile. Aliyelazimika kuuza 2019 kwa sababu ya kodi ya chumba alipata hasara, na aliyekuwa na kodi yake pembeni alingoja. Isisahaulike kwamba kungoja hakumlipi kila mtu: walionunua Vodacom 2017 kwa shilingi 850 waliiona ikishuka sana katika miaka iliyofuata.

Na anayekuahidi kukukuzia pesa maradufu ndani ya miezi mitatu, muulize kama anawakumbuka DECI. Mwaka 2009 watu walipanda "mbegu", yaani pesa zao, na kungoja kuvuna, wakiongozwa na wachungaji, hadi serikali ilipoifunga na waliopanda mwisho wakabaki na stakabadhi. Mwaka 2025 ikaja LBL, safari hii kwa simu na kubofya video. Vijana waliosoma uhasibu waliingia. Hesabu ya kuwatoa ilikuwa fupi: kama riba halali ya juu kabisa ya mkopeshaji ni asilimia 42 kwa mwaka, biashara gani inaweza kukulipa mia kwa robo mwaka na yenyewe ibaki na faida?

Limebaki la NSSF. Vijana wengi wanaiona kama akiba watakayoichukua wakiacha kazi, kama kaka zao walivyofanya. Fao la kujitoa liliondolewa na mabadiliko ya 2018. Kwa mwenye taaluma anayekosa ajira sasa kuna fao la muda, theluthi ya mshahara kwa miezi sita, kwa aliyechangia angalau miezi 18. Usiipangie kununua kiwanja. Ila ifuatilie, kwa sababu juu ya 80,000 zako mwajiri anatakiwa kuongeza 80,000 zake, na wapo wanaokata na wasipeleke. Michango yako unaweza kuiangalia kwa simu. Ukikuta mwezi haupo, muulize mhasibu wiki hiyohiyo. Ikiwa miezi mitatu haipo, nenda ofisi ya NSSF na salari slipu zako mkononi, tena nenda mkataba ukiwa bado hai, kwa kuwa ukishatoka kazini hakuna atakayepokea simu yako kule ofisini.